Binti wa Masomo Mawili

Mpwa wangu Rudaina alisoma uandishi wa habari na uhusiano wa kimataifa kwa pamoja, shahada moja yenye vichwa viwili, kwa sababu yeye na baba yake walishindwa kukubaliana. Baba yake, shemeji yangu Abu Rakan, sajenti mstaafu, alitaka balozi. Rudaina alitaka gazeti. Waligombana kiangazi kizima, kila mmoja akija kwenye duka langu la kunyolea mjini Karak kunishtakia mwenzake, utadhani mimi ndiye waziri wa elimu. Mwishowe chuo kimoja cha Amman ndicho kilichowapatanisha, maana kilikuwa kinafundisha yote mawili.

Abu Rakan alitia sahihi huku akinung'unika. "Haya. Lakini gazeti lisome kwa jicho moja tu. La pili libaki kwa ubalozi."

"Baba, mtu akisoma kwa jicho moja anapata makengeza," Rudaina akamjibu.

"Mabalozi wengi wana makengeza. Nimewalinda, nawajua."

Ndivyo walivyokuwa, wale wawili. Dada yangu Um Rakan alikuwa akiwasikiliza anacheka mpaka anaacha chungu kinaungua. Kaka yake Rudaina, Rakan, aliyekuwa akiendesha gari la kuuza maji, yeye masomo yalimpita kando wala hakuyaonea wivu. Alijivunia dadake kuliko mtu yeyote.

Wikiendi akirudi kijijini, Rudaina alikuwa akipita kwangu kwanza kunisimulia ya chuoni. Mwalimu wa habari alikuwa mama mmoja wa sigara na sauti ya mchanga, mwenye kupiga meza: sentensi ianze na mtu. Nani amefanya nini. Kama hujui nani, rudi ukaulize. Kisha wanafunzi wanavuka uwanja kwenda kwa daktari wa diplomasia, mzee wa tai na manukato, naye anawafundisha kuandika taarifa ambayo ndani yake mtu hayumo kabisa. Tukio limetokea. Pande zote zimesikitika. Milango imebaki wazi.

"Sasa we unamfuata yupi?" nikamuuliza.

"Yule mwenye mtihani wiki hiyo, mjomba."

Nilicheka, lakini niliona alikuwa hasemi utani mtupu. Mzee wa tai alikuwa na hoja. Alikuwa akiwaambia kwamba watu wengi duniani wako hai leo kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alinyamaza. Na yule mama alikuwa akiwaambia kwamba watu wengi wamekufa kwa sababu hiyohiyo. Rudaina aliwapenda wote wawili, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Mwaka wa mwisho akatakiwa kuandika ripoti kubwa, akachagua risasi za furaha. Sisi tukifurahi tunapiga risasi. Kijana akioa, risasi. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule yakitoka, risasi. Mtu akirudi kutoka ughaibuni hata kama alifukuzwa, risasi. Na kilichopanda lazima kishuke, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelikumbuka akiwa na bastola mkononi. Rudaina alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale ambao risasi zilishukia kwao. Akakaa na mama zao, akaandika majina ya waliokufa, na pale alipoweza, majina ya waliofyatua. Gazeti la chuo likaichapa yote.

Kijijini kwao alikuwepo mwoka mikate, jirani yao ukuta kwa ukuta, Abu Shahd. Mtu wa maneno machache, mikono mipana, unga mpaka kwenye nyusi. Aliikata ile ripoti akaibandika juu ya rafu ya mikate, ili mtu asubiripo mkate wake asome. Yeye na mkewe, Um Shahd, walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Shahd, wa miaka kumi na sita, mtu wa maswali. Shahd alikuwa akimvizia Rudaina kila wikiendi: chuoni mnakula wapi, ni kweli mwalimu anavuta sigara darasani, na mimi nikifaulu naweza kusoma yote mawili kama wewe.

"Soma kimoja," Rudaina alikuwa akimwambia. "Viwili vinapigana."

"Vikipigana nitaviamua," yule mtoto akajibu.

Abu Rakan naye aliisoma ripoti ya bintiye. Aliisoma kwa sauti katika baraza la ukoo wao, miwani puani, mbele ya wazee ambao nusu yao walikuwa na bunduki chini ya godoro. Alipomaliza aliapa. "Siku ya mahafali yake, wallahi, bastola yangu haitoki kabatini. Mnisikie nyote." Na niseme ukweli, aliapa kwa moyo wake. Sijawahi kumshuku kwa hilo hata leo.

Siku ya mahafali ilifika na tulirudi kutoka Amman kwa msururu wa magari, honi juu, Rudaina akiwa na joho lake bado mabegani. Uwanjani kwao masinia ya mansaf yalikuwa tayari, wali umejaa, nyama juu, mtindi unachuruzika. Watu walikula, wakapongeza, wakala tena. Alikuwepo binamu mmoja wa Abu Rakan kutoka Zarqa, mtu ambaye mdomo wake haujui kufunga breki.

"Abu Rakan, samahani niulize," akasema huku akifuta mkono. "Haya ni mahafali au ni matanga?"

"Kula wewe," Abu Rakan akamwambia.

"Nakula. Lakini binti balozi, na uwanja kimya namna hii. Mimi mwanangu alifaulu ufundi wa majokofu tu, tulizima mtaa kwa risasi."

Mwingine akadakia, "Mwache mzee wa watu. Siku hizi anaogopa gazeti la bintiye."

Wakacheka. Ni kicheko cha kawaida, tunachekana hivyo kila siku, na kila siku hakuna anayekufa. Abu Rakan akacheka nao. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevua koti la suti, shati jeupe, na bastola mkononi. Rudaina alikuwa barazani. Akasema, "Baba." Neno hilo tu. Naye akamtazama. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani yangu hatua chache kutoka kwake, niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyejaa mpaka pomoni, machozi yanamtoka, hajui ayaweke wapi mapenzi yale yote. Akainua mkono akapiga hewani.

Ukelele ukatoka kwenye paa la mwoka mikate. Shahd alikuwa amepanda juu kutazama sherehe yetu. Alifariki njiani, kabla gari halijafika hospitali ya Karak.

Yaliyofuata yalifuata kwa desturi, na desturi zetu ni za haraka. Abu Rakan alianguka palepale, moyo, akakimbizwa hospitali ya jeshi. Wazee wa ukoo wao wakakaa kabla jua halijazama. Kwanza, wote wa nyumba ile wahame kijiji, maana mwenye msiba hatakiwi kukutana njiani na mwenye kosa. Pili, waombwe watu wazito wakachukue muda wa amani kutoka kwa ukoo wa Abu Shahd, damu isije ikalipwa kwa damu. Tatu, lazima ukoo ukiri na utaje nani. Hapo ndipo Rakan aliposimama.

"Semeni mimi," akasema. "Mzee hatatoka mzima huko jela, na pensheni yake ndiyo dawa za mama. Mimi nina nini? Gari la maji, nalo la kukodi."

Wazee wakatazamana, wakamwona kijana ana akili. Akajipeleka polisi mwenyewe, akawaambia ni yeye. Mimi nilisema wazi kwamba huo ni upumbavu uliovaa kanzu ya ushujaa. Wakaniambia shemeji, wewe ni mgeni wetu, kunywa chai. Ndugu wa mke hana kura katika ukoo wa watu.

Basi wakahamia Zarqa, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya nne, isiyo na hata mti wa kutazama. Nilikuwa nakwenda kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi tunafunga. Siku moja niliwakuta dada yangu na Rudaina jikoni, wameshikana maneno.

"Aliyekufa amekufa," dada yangu alikuwa akisema. "Unataka nimzike na baba yako?"

"Mama, Rakan yuko ndani."

"Rakan kijana. Wakisamehe, jaji naye atapunguza. Atatoka."

"Na Um Shahd ataambiwa jina la mtu ambaye siye."

"Jina litamfaa nini Um Shahd? Atalipika?"

Rudaina akakwangua kidoa kwenye meza kwa ukucha. Kisha akasema, "Niliwaendea mama wa watu majumbani mwao, nikawaambia haki yenu ya kwanza ni kujua nani. Nilikunywa chai yao."

"Ulikuwa unasoma," dada yangu akamwambia. "Haya ni maisha."

Kisha alianza kulia, na Rudaina akamkumbatia, na mimi nikazima jiko maana dengu zilikuwa zinaungua na hakuna aliyekuwa anacheka.

Abu Rakan alikuwa ametoka hospitali. Kutwa alikaa kwenye kibaraza kidogo kinachotazama ukuta wa jirani. Rudaina alimpelekea chai. Nilikuwa nimekaa naye siku alipomwambia, bila ukali, kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni: "Baba, mimi sitasema kabla yako. Nakusubiri wewe. Lakini mtu akiniuliza uso kwa uso, nani, mimi sitaweza kutaja jina la Rakan. Ujue hivyo tu."

Shemeji yangu akanywa funda moja. "Chai imepoa," akasema.

Rudaina akaichukua, akaenda kuipasha.

Majira ya baridi yakapita. Ikafika siku ya jaha, yaani ujumbe wa wazee wanaokwenda kuomba suluhu, na aliyeuongoza alikuwa Mufleh Pasha, mkubwa mmoja mstaafu wa ukoo wa tatu, mwenye sauti ambayo hata ukiwa na haki unajikuta unaomba radhi. Hema lilitandazwa mbele ya tanuri la Abu Shahd. Tulikwenda wanaume wengi, magari yamejaa barabara yote. Wanawake wetu walibaki kwenye kituo cha mafuta nje ya kijiji, dada yangu na Rudaina ndani ya gari langu, wakisubiri. Suluhu ikipita ndipo wangeingia kumpa pole Um Shahd. Isipopita, wasingeruhusiwa hata kukanyaga.

Tulikaa. Kahawa ikamiminwa, vikombe vikawekwa mbele ya wageni, na hakuna aliyegusa. Hagusi mtu mpaka mwenye msiba atamke: kunyweni kahawa yenu. Akitamka, yameisha. Asipotamka, mnaondoka na kiu yenu na uadui wenu. Abu Rakan aliketi pembeni kabisa, kichwa wazi bila kilemba, akitazama zulia.

Mufleh Pasha akasimama akasema vizuri, siwezi kumpunja. Alimtaja Mungu, akamtaja Mtume, akautaja ujirani. Akasema jambo limetokea, na furaha imegeuka msiba, na pande zote zimeumia. Akasema kijana wetu Rakan amekiri na anajuta. Nilimkumbuka yule mzee wa tai wa chuoni. Angempa alama zote.

Abu Shahd hakusimama. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza nilimwona bila unga. Alisema, "Pesa sitaki. Mtu kufungwa sitaki. Kahawa yenu mtakunywa. Nina ombi moja tu. Binti wa Abu Rakan, yule mwandishi. Aje hapa aniambie nani alifyatua. Akishasema yeye, nitatamka."

Hema likanong'ona. Mwanamke kuingia katika jaha, hilo hatulijui. Mufleh Pasha akasema, "Abu Shahd, ndugu yangu, kijana amekwisha kiri."

"Nimesikia, Pasha. Namtaka binti."

"Ni mwanamke, mahali hapa…"

"Na aliyekufa ni mwanamke," Abu Shahd akasema.

Mimi ndiye niliyetumwa kumleta, kwa kuwa mimi mjomba na gari ni langu. Nikamwacha dada yangu pale kituoni na wanawake wenzake. Kutoka pale hadi kwenye hema si mbali, na niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maishani. Nikamweleza Rudaina yote. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na mikono ameibana katikati ya magoti.

"Baba amesema nini?" akaniuliza.

"Anatazama zulia."

"Nikisema Rakan, watakunywa na yataisha."

"Wamesema hivyo."

"Nikisema baba?"

"Ukisema baba, umemfanya Pasha mwongo mbele ya koo tatu. Sijui kitakachotokea. Yawezekana damu ikaanza upya."

Akasema, "Ningesoma kimoja, mjomba. Chochote. Ningejua la kufanya."

Nilitaka kumwambia neno la kumfaa. Watu hudhani vinyozi tuna maneno kwa kila jambo. Nikamwambia tu, "Ingia, salimu, na usitetemeke." Naye akaingia, akasalimu, na alikuwa anatetemeka.

Wanaume wote wakatazama chini kwa adabu, isipokuwa Abu Shahd. Alimtazama kwa upole. "Binti yangu, umelia na sisi, najua. Sitakuuliza mengi. Nani?"

Rudaina hakumjibu yeye. Aligeuka kwa baba yake pale pembeni. "Baba," akasema, "sema wewe. Nakuomba."

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na shemeji yangu. Nilisikia pumzi yake. Nilimwona akilowesha midomo. Hema lote lilisubiri, na kusubiri kule kulikuwa kurefu, au kulikuwa kufupi, nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado siwezi kukuambia.

"Ni baba yangu," Rudaina akasema. "Rakan hakugusa bastola."

Mufleh Pasha aliinuka kwa nguvu hata joho likagonga kikombe. Wazee wa ukoo wakaanza kuinuka nao, mmoja akisema binti huyu amechanganyikiwa, ni huzuni. Upande wa Abu Shahd vijana nao wakasimama. Nilimshika Rudaina mkono nikamvuta nyuma yangu. Mimi si mtu wa ushujaa, mkono ulikwenda wenyewe.

"Kaeni," Abu Shahd akasema. Hakupaza sauti. "Kaeni, jamani. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama dirishani jikoni, nikaliona shati jeupe na mkono uliokuwa juu. Nimejua tangu siku ile. Nimekaa miezi yote hii nasubiri kuona kama nitadanganywa nyumbani kwangu, juu ya zulia langu. Angesema Rakan, mngeondoka na vikombe vimejaa, na Mungu ndiye angejua mwisho wetu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kunyweni kahawa yenu."

Tulikunywa. Ilikuwa imepoa, na sijawahi kuona wanaume wakinywa kitu baridi kwa pupa namna ile. Abu Rakan naye alikunywa. Kisha akainuka, akaenda kwa Abu Shahd, akapiga magoti akambusu bega, na Abu Shahd akamwinua. Walilia wote wawili kama watoto waliopotea sokoni. Yalikwisha. Kilichoshindikana kwa maneno ya Pasha kilipatikana kwa sentensi ya binti mmoja iliyoanza na mtu.

Wakati wa kutoka, Abu Rakan alipita karibu na Rudaina pale mlangoni mwa hema. Rudaina alinyoosha mkono. Baba yake alimpita kama mtu anavyopita nguzo.

Kesho yake alivaa suti ileile ya mahafali akajipeleka polisi. Rakan akatoka. Hukumu ya mzee ilikuwa nyepesi kwa sababu ya msamaha, lakini jela ni jela, na moyo wake haukuipenda. Alhamisi zilikuwa siku za kutembelewa. Dada yangu alipokewa, Rakan alipokewa, mimi nilipokewa na kuulizwa bei ya kondoo. Rudaina alikuwa akisimama kwenye foleni kama wengine, anatoa kitambulisho, na askari anarudi na jibu: mzee anasema leo amechoka. Kila Alhamisi mzee alikuwa amechoka. Mwishowe askari mmoja kijana alimwambia, "Dada, usiwe unapoteza nauli." Akaendelea kuja hata hivyo.

Ukoo wao haukumsamehe pia. Walikuwa wanafurahi kukaa kijijini kwao kwa amani, wanapita mbele ya tanuri la Abu Shahd na kununua mkate wake, na wakimtaja Rudaina wanasema yule aliyemwuza baba yake. Nimewahi kumwambia mmoja wao, nikiwa na wembe shingoni mwake, kwamba usingizi anaolala ni kwa sababu ya yule. Akasema ni kweli, lakini haikupasa. Hivyo ndivyo tulivyo. Tunakula ukweli, halafu tunamtukana aliyeupika.

Abu Rakan alirudi nyumbani mwembamba. Rudaina alikuwa amehamia Amman, amepata kazi katika shirika la habari, dawati la mambo ya nje. Anakaa pale tangu asubuhi akisahihisha habari za mabalozi na mikutano yao. Kwa hiyo, ukitaka kuchekesha msiba, baba alipata ubalozi wake na binti gazeti lake. Kila mwezi alimtumia mama yake kitu. Sikukuu alikuja, akakaa jikoni, na baba yake akatoka kwenda msikitini akakaa huko mpaka jioni.

Siku moja nilikuwa namnyoa shemeji, nikasema kwa ujanja, "Rudaina anakusalimia."

"Nyuma ya sikio," akasema. "Umeacha."

Nikaweka wembe chini. "Shemeji, mtoto alikusubiri miezi. Alikuomba mbele za watu."

Kwenye kioo nilimwona akijitazama. "Nilikuwa nasema," akanena. "Mdomo nilikuwa nimeufungua. Hakunisubiri." Akatoa mkono chini ya kitambaa akafuta nywele usoni. "Ningesema mwenyewe, ningekufa mwanamume. Akanichukulia hata hilo."

Nilikuwa bega kwa bega naye siku ile, na ndiyo, midomo niliiona ikisogea. Labda alikuwa anataka kusema. Labda ilikuwa kiu tu. Na nitaapa kwa lolote utakalo, hata yeye mwenyewe hakujua.

Moyo ulimchukua mwaka juzi, mwanzo wa mvua. Alilazwa siku kadhaa na mimi nilikuwa nampokea Rakan zamu ya kukaa naye. Rudaina alikuja hospitali, akakaa kwenye benchi la nje. Nilimwambia mgonjwa, bintiyo yuko hapo mlangoni. Akageuzia uso dirishani. Siku ya mwisho aliwataja wengi, alimtaja Rakan, dada yangu, mama yake aliyekufa zamani, hata Shahd alimtaja, akaomba asamehewe.

Matanga yakawekwa kijijini. Um Shahd alikuja upande wa wanawake, akaenda moja kwa moja akakaa kando ya Rudaina, akamshika mkono, hakuuachia mpaka watu wakaanza kunong'ona. Siku ya tatu, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta Rudaina uwanjani peke yake anakunja viti vya kukodi na kuvipanga ukutani. Nikaanza kumsaidia.

"Mjomba," akasema bila kunitazama. "Ulikuwa naye kule ndani. Aliniulizia?"

Sasa, kazi yangu ni kudanganya watu kwa upole. Mwenye kipara namwambia hakionekani, mwenye mvi namwambia ni mwanga. Na uongo wa swali hili nilikuwa nao tayari, nimeutengeneza tangu kule hospitali, mzuri, wenye sauti ya baba yake na maneno yake. Nilikuwa nautaka uongo ule kuliko yeye. Nikafungua mdomo niutoe, akawa amegeuka, ananitazama. Nikaona kwamba huyu ni mtu aliyepoteza baba kwa kuulizwa swali moja na kulijibu. Nikimjibu kwa uongo, ni sawa na kumwambia ilikuwa bure.

"Hapana," nikasema. "Hakukuulizia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Ahsante, mjomba," akasema. Akachukua kiti kingine, akakikunja, akakiegemeza ukutani na vingine. Kisha akakaa chini palepale juu ya changarawe akalia kwa sauti, mtoto wa watu, nami nikakaa chini kando yake.